Ushanga wa Unyanyembe: Udogo Uliolipia Njia ya Misafara

Mtu akiulizwa habari za Tabora, na za ile njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikakata Usagara na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi na hatimaye kufika Ujiji kwenye ufuo wa ziwa Tanganyika, aghalabu fikira zake huyakimbilia makubwa: pembe za ndovu zilizowaelemea wapagazi mabegani, tembe pana za matajiri, vita vya Mirambo wa Urambo, boma la mtemi Isike lililoanguka mikononi mwa Wajerumani mwezi Januari 1893, na majina ya wasafiri wa Kizungu ambao vitabu vyao vingali vikisomwa. Makubwa hayo yamestahili kusimuliwa, nayo yamesimuliwa sana. Hata hivyo, kila aliyeifuata njia ile, awe Mnyamwezi au Mwarabu, Mswahili au Mzungu, alijua ya kuwa unga wa jioni, maziwa, chumvi na kuku wa kumpikia mgonjwa havikununuliwa kwa pembe. Vilinunuliwa kwa chembe za kioo zilizokuwa ndogo hata kadhaa zikaweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Historia ya njia ya misafara ina upande wake mdogo, na upande huo ndio ninaotaka kuueleza hapa, kwa sababu naamini ya kwamba ndani yake imo elimu ya macho waliyokuwa nayo watu wa bara, elimu ambayo mpaka leo haijapewa heshima inayoistahili.

Kabla ya Mwarabu kujenga tembe Unyanyembe, Wanyamwezi wenyewe walikwisha kuijua pwani. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 misafara yao iliteremka mpaka bahari na pembe za ndovu na mifugo, ikarejea na nguo, waya na ushanga. Na kijana aliyekwenda pwani akarudi salama alihesabiwa kuwa mtu mzima aliyeiona dunia. Wafanyabiashara wa Unguja na Mrima wakaifuata njia hiyo iliyokwisha kukanyagwa, na miongoni mwa waliotangulia alikuwa Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, ambaye jina lake lilijulikana kutoka Unyanyembe hata Karagwe. Yapata mwaka 1852 Waarabu wakafanya makao Kazeh, katika Unyanyembe, nchi ya mtemi Fundikira, na hapo ndipo lilipoota shina la mji tuuitao leo Tabora. Ujirani ukazaa udugu: Muhammad bin Juma, babaye Hamed bin Muhammed ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, akamwoa Karunde binti Fundikira, na biashara ya tembe ikawa na mkwe katika ikulu ya mtemi. Richard Burton na John Hanning Speke walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne ya njia na maradhi, walimkuta Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu aliyewakirimu na kuwafungulia hazina ya maarifa yake juu ya nchi za ndani.

Kazeh ilikuwa njia panda. Kaskazini njia ilikwenda Karagwe na Buganda, magharibi ilikwenda Msene, Uvinza na Ujiji, kusini ilishuka kuelekea Ufipa. Na mizigo iliyopanda kutoka pwani ilifunguliwa hapo, ikahesabiwa, ikagawanywa na kufungwa upya kwa kadiri ya nchi iliyokusudiwa. Mpagazi wa Kinyamwezi, ambaye nguvu na uaminifu wake ndivyo vilivyoishika biashara yote ile, alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, na pengine alizidisha. Nguo zilikuwa merikani nyeupe, kaniki nyeusi na vitambaa vyenye miraba na mistari kutoka Maskati na Bara Hindi. Waya ilikuwa ya shaba na shaba ya manjano. Na ushanga ulitiwa katika mifuko mirefu myembamba, ikafungwa kwa kamba baina ya vijiti ili isiyumbe begani. Mwandishi Henry Morton Stanley alipozieleza bidhaa hizi kwa wasomaji wake, alisema ya kuwa ushanga ulishika mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na waya, katika nchi za ng'ambo ya Tanganyika, mahali pa dhahabu. Basi ushanga ndio uliokuwa fedha ya kila siku, fedha ya mama aliyeuza mahindi na ya mtoto aliyeleta yai.

Fedha hiyo ilikuwa na vipimo vyake, navyo vilitokana na mwili wa mwanadamu. Uzi wa ushanga ulipimwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hata kifundo cha mkono. Urefu huo mara nne ulifanya kete moja, na kete kumi zilifanya fundo. Pwani matajiri walinunua kwa frasila, kwa mizani, katika maduka ya Mabaniani wa Unguja waliokuwa wameishika sana biashara ya ushanga. Bara uzani ukageuka kuwa urefu, na jumla ikagawanyika mpaka ikafika kwenye kiganja cha mnunuzi. Katika mageuzi hayo kila chembe ilipita mbele ya macho, kwa sababu ushanga uliofika umekatika nyuzi ilibidi utungwe upya, na anayetunga hana budi kuitazama chembe moja moja, akaikataa iliyovunjika, akaitenga iliyofifia, akailinganisha rangi na rangi.

Burton, aliyekuwa na tabia ya kuandika kila alichokiona, alikadiria ya kuwa aina za ushanga zilizojulikana katika biashara hii zilifika 400 hivi, na kila aina ilikuwa na jina lake, bei yake na nchi iliyoipenda. Nyeupe iliyosambaa sana iliitwa kanyera. Ya waridi iliitwa gulabi. Ya kijani iliitwa ukuti wa mnazi. Kubwa kama mayai madogo ya ndege ziliitwa sungomaji. Na nyekundu ya marijani, iliyopendwa kuliko zote katika Unyamwezi, iliitwa sami-sami, ikapewa na lakabu ya kivunja-mji, kwa kuwa wanawake, walivyosema wachuuzi, waliweza kuivunja nyumba kwa ajili yake. Majina hayo hayakutungwa na wataalamu wa vioo wala na makarani wa forodha. Yalitungwa na wauzaji na wanunuzi wa njiani, na kuyasikia tu kwatosha kutufahamisha ya kuwa watu hao walikuwa wakitazama kwa makini, maana mtu hatoi majina 400 kwa kitu asichokipambanua.

Stanley alilitambua jambo hili mwaka 1871 mjini Unguja, alipokuwa akijitayarisha kwenda kumtafuta mmisionari Livingstone, na kulitambua kwake kulimtia wasiwasi mwingi. Alijifunza kwa wafanyabiashara wa Kiarabu ya kuwa Wanyamwezi wangepokea sami-sami na kukataa nyingine zote. Kwamba bubu, ushanga mweusi, ulikuwa fedha halali Ugogo, lakini kwingineko haukuwa na thamani hata kidogo. Kwamba sungomaji zilithaminiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na zingerudishwa katika nchi nyingine. Na kwamba ushanga mweupe uliopokewa vizuri Ufipa na sehemu za Ugogo ungedharauliwa Ukonongo. Msafiri aliyekosea hesabu hii aliweza kufa njaa akiwa na magunia yamejaa. Stanley akanunua aina 11, zikajaza magunia 22, huku akikokotoa siku atakazokaa katika kila nchi na kete atakazotumia kila siku. Tukilitafakari hilo, twaona ya kuwa mwenye amri katika soko lile alikuwa mnunuzi wa bara: mwanamke wa kijiji kisichokuwa katika ramani yoyote, kwa kuinua chembe moja kwenye nuru na kuitikisia kichwa, aliweza kuugeuza mpango wa tajiri wa Unguja, naye tajiri akaugeuza mpango wa fundi wa kioo huko Ulaya.

Magharibi zaidi, mwisho wa njia, mambo yalikuwa na utaratibu uliokamilika zaidi. Luteni Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwezi Februari 1874, aliona soko ambalo fedha yake ilikuwa ushanga uitwao sofi, wenye umbo la vipande vya mrija mfupi. Asubuhi walikuja watu na mikoba ya sofi, wakawabadilishia waliotaka kununua vitu sokoni. Na soko lilipofungwa, watu wale wale waliupokea ushanga kutoka kwa wauzaji na kuwapa bidhaa nyingine badala yake, wakipata faida katika kubadili kwa kwanza na kwa pili. Hao walikuwa wavunja fedha halisi, nao waliishi kwa kuijua bei ya kitu ambacho mgeni angekiokota njiani na kukitupa.

Sasa na tuichukue chembe moja ya sami-sami, tuitazame kwa jinsi inavyowezekana leo. Imeenea sanaa ya kupiga picha kwa karibu mno, ambayo wenyewe huiita makro, na kanuni yake ni kwamba taswira inayoangukia juu ya filamu, au juu ya sensa ya kamera za siku hizi, iwe na ukubwa ule ule wa kitu chenyewe au kuuzidi. Sanaa hiyo yataka subira. Kadiri lenzi inavyokikaribia kitu, ndivyo sehemu inayoonekana bayana inavyopungua unene, hata ikabaki chini ya milimita moja, na kila kilicho mbele au nyuma yake kikawa ukungu. Pumzi ya mpiga picha yatosha kuharibu kazi, na kwa sababu hiyo kamera hufungwa juu ya miguu mitatu, picha nyingi hupigwa kwa hatua ndogo ndogo, kisha hukusanywa na kufanywa picha moja. Nuru nayo haipigwi usoni moja kwa moja; huletwa ubavuni, ipite ndani ya kitu na kukiamsha.

Chembe ya sami-sami ikiwekwa chini ya lenzi ya namna hiyo, jambo la kwanza linalodhihirika ni kwamba haina wekundu mmoja. Burton aliandika kwa usahihi ya kuwa ilikuwa nyekundu juu ya nyeupe, na picha yamthibitisha: kwenye tundu twaona duara la kioo cheupe kizito kisichopitisha nuru, na juu yake tabaka jembamba la kioo chekundu angavu, na mpaka baina ya hivyo viwili haukunyooka bali wapanda na kushuka, hapa wekundu ukiwa mnene, pale ukiwa mwembamba mpaka weupe ukakaribia kuchungulia. Ndani ya tabaka jekundu vimo viputo vya hewa, navyo si vya mviringo. Vimevutika kwa urefu, vyote vikielekea upande mmoja sambamba na tundu. Kwenye ncha za chembe, mahali iliposuguana na mwenziwe miaka mingi juu ya uzi mmoja, kioo kimelika kikawa bapa. Kitu chenye upana wa milimita tatu au nne chatuonyesha hivyo namna kilivyozaliwa na namna kilivyovaliwa.

Viputo vile ni ushahidi wa kazi. Ushanga mwingi wa namna hii ulitoka Venezia, na hasa kisiwa cha Murano, ambako mafundi walichota tonge la kioo kilichoyeyuka, wakalipuliza ndani ili liwe na tundu, wakalifunika kwa kioo cha rangi nyingine, kisha watu wawili, kila mmoja ameshika upande wake kwa fimbo ya chuma, wakaenda mbio mmoja huku na mwingine kule, hata tonge likavutika na kuwa mrija mwembamba wenye urefu wa makumi ya mita. Tundu halikupotea, lilivutika pamoja na kioo, na hewa iliyonaswa ikavutika vivyo hivyo. Mrija ulipopoa ulikatwa vipande, vipande vikakatwa chembe, na chembe zikazungushwa motoni pamoja na vumbi la kuzizuia zisigandamane wala tundu zisizibe, mpaka makali yakalainika. Mwisho wanawake wa Venezia, wameketi milangoni mwao na sahani za mbao mapajani, walizitunga kwa mafungu ya sindano ndefu, wakilipwa ujira mdogo. Hivyo kila uzi wa sami-sami uliofika Tabora ulikuwa umekwisha kupita katika vidole vya wanawake mara moja, kabla ya kuja kutungwa tena na wanawake wa Unyamwezi. Na sijui kiungo kingine kilicho chembamba namna ile kilichowaunganisha watu wa mbali namna ile.

Swali ni kwa nini Wanyamwezi waliichagua hiyo na kuziacha nyingine. Jibu limo katika chembe yenyewe. Kioo chekundu kilicho chekundu chote, kikiwa kinene, hunywa nuru na kuonekana cheusi kwa mbali. Bali penye moyo mweupe, nuru huingia katika wekundu, hugonga weupe, kisha hurudi nje imekwisha kupakwa rangi, na chembe ikang'aa hata katika kivuli cha ukumbi. Juu ya ngozi nyeusi, katika jua la nyanda za Unyanyembe, mng'ao huo ulionekana kwa hatua nyingi. Mtu wa Tabora hakuwa na lenzi, wala hakuwa na haja ya kuambiwa nadharia ya nuru. Aliinua chembe, akaigeuza, akaona. Fundi wa Murano aliifanya chembe hiyo kwa ajili ya faida, pengine pia kwa ajili ya kupunguza gharama ya kioo chekundu. Mvaaji wa bara ndiye aliyeiamulia kuwa nzuri. Wasafiri walioandika ya kuwa Mwafrika alihadaiwa kwa vikorokoro vya kuchezea waliandika hivyo huku wao wenyewe wakikesha kwa hofu ya kukosa aina aitakayo, na hofu yao ni ushahidi wenye nguvu kuliko dharau yao.

Elimu hiyo ya macho haikukoma kwenye kioo. Waya nene iliyoletwa kutoka pwani ilifikia mikononi mwa mafundi wa bara, nao waliipasha moto na kuivuta katika chamburo, bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kupungua, kutoka tundu kubwa hata dogo, mpaka ikawa udodi mwembamba kama unywele. Udodi huo ulizungushwa juu ya unyoya wa mkia wa ndovu au wa twiga, mzunguko kando ya mzunguko, pasiwe na nafasi wala kupandana, ukawa kikuku chembamba. Na mtu mwenye uwezo alivaa vikuku hivyo kwa makumi juu ya kifundo cha mguu, vikimlilia anapotembea. Ukipiga picha ya kikuku kimoja kwa karibu, utaona mizunguko mingi katika upana wa kidole kimoja, na utaona kila mzunguko umelala juu ya ubavu wa wenziwe kwa usawa ambao mashine ingejivunia. Kadhalika kiwangwa, kile kisahani cheupe kilichokatwa katika kitako cha konokono wa bahari na kuvaliwa shingoni na watu wakubwa: kwa mbali ni duara jeupe tu, kwa karibu ni mzingo unaojikunja kuelekea katikati, alama ya umri wa mnyama aliyekaa baharini kabla ya kukaa kifuani mwa mtemi aliyeishi mbali na bahari.

Miongoni mwa wageni nao alikuwapo aliyekuwa na jicho la udogo. Kapteni James Augustus Grant, aliyefika Kazeh pamoja na Speke mwezi Januari 1861, alikuwa amepiga picha Unguja mwaka 1860, katika siku ambazo mpiga picha alilazimika kujifungia ndani ya hema dogo lenye giza ili kuzitayarisha sahani za kioo na kuzisafisha kwa dawa. Joto la hema hilo lilikuwa la kuua, ikabidi kazi ya picha iachwe. Naye akashika kalamu na rangi za maji, akachora watu, vyombo, nyumba na mimea kila walipotua. Mimea aliyoikusanya yeye na Speke ilielezwa katika chapa za jumuiya ya Linnean ya London kati ya 1872 na 1875, ua kwa ua na jani kwa jani. Nimtajapo, namtaja kwa kuwa alitambua ya kwamba nchi hupitwa kwa miguu lakini hujulikana kwa kuinama.

Wala haifai kuusifu uzuri huu tukayafunika machungu yake. Katika njia ile ile walipita watu waliotiwa minyororo, na mali iliyonunua pembe ilinunua pia wanadamu. Kete na mafundo yaliyohesabiwa katika tembe za Kazeh na Ujiji yalihesabiwa pengine juu ya kichwa cha mtoto aliyetekwa Manyema. Tembe ya Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley waliingia pamoja mwezi Februari 1872, na ambamo Livingstone alibaki peke yake akiwangoja wapagazi mpaka mwezi Agosti, ilikuwa nyumba ya mzee aliyeiandikia dunia juu ya uovu huo, ilhali chakula chake mwenyewe kilinunuliwa kwa nguo na ushanga wa njia hiyo hiyo. Chembe haina hatia na wala haina fadhila. Fadhila na hatia ni za mikono. Ndiyo sababu kuitazama kwa karibu ni wajibu pia, kwani aliyetazama kwa karibu hawezi tena kusema biashara ile ilikuwa hesabu ya makubwa tu, ya tani na maelfu, ambayo ndani yake hapana mtu.

Enzi ya ushanga kuwa fedha iliisha polepole. Wajerumani walileta rupia zao, na tangu 1904 rupia moja ikagawanywa heller 100, hata aliyeuza yai naye akapata sarafu ya kupokea. Reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mabega ya wapagazi yakapoteza kazi iliyokuwa imeijenga sifa ya Wanyamwezi kwa zaidi ya miaka mia. Hata hivyo Tabora ilikuwa bado haijamaliza hadithi yake ya udogo. Vita Kuu ilipowafungia Wajerumani bahari, sarafu zikaadimika, nao mwaka 1916 wakaanzisha kiwanda cha kupiga sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora. Humo zilipigwa heller 20 na heller 5 kwa mabaki ya shaba na shaba ya manjano, yakiwamo maganda ya risasi na mizinga. Na humo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ikapigwa sarafu ya rupia 15, yenye ndovu ainuaye mkonga na mlima nyuma yake. Zilipigwa zaidi ya 16,000, kisha tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia mjini, na kazi ikakoma.

Sarafu hiyo, ambayo upana wake ni milimita 22 hivi, inamfaa sana mpiga picha wa karibu. Wanaozikusanya wanajua ya kuwa ziko za namna mbili, na tofauti yake huonekana kwa kioo cha kukuzia: nakshi iliyo juu ya upande wa tai, katika namna moja ncha yake ya kulia yaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine yaishia chini ya A inayofuata. Sababu ni kwamba muhuri wa chuma ulichongwa zaidi ya mara moja, na mkono wa mwanadamu haurudii kazi yake kwa usawa kamili. Heller 20 za shaba nazo zaonyesha taji kubwa na dogo, herufi zilizopinda na zilizonyooka, na nyufa za mihuri iliyochoka, kwa kuwa vyuma vyake vilikuwa vya karakana ya reli na mahitaji ya vita hayakungoja. Kwa macho matupu hizo zote ni senti kuukuu. Kwa lenzi ni daftari la haraka, la uhaba na la ustadi wa mafundi ambao majina yao hayakuandikwa juu ya kazi yao.

Wataalamu wa mambo ya kale wameanza kuithamini njia hii ya kuijua historia. Thomas Biginagwa, mwanaakiolojia wa Kitanzania, alichimba mahame ya vituo vya misafara katika bonde la Pangani, akajifunza kutokana na mifupa na vitu vidogo vilivyosalia jinsi misafara ya karne ya 19 ilivyobadili chakula na maisha ya wenyeji. Na njia ya Tabora na Ujiji nayo imekwisha kutembelewa na wachunguzi wanaookota na kuandika vipande vya vyungu na chembe za kioo. Chembe iliyovunjika haina bei sokoni, lakini rangi yake, moyo wake na umbo la tundu lake vyaweza kumwambia mjuzi ilitoka kiwanda cha namna gani na katika miaka ipi, jambo ambalo kuta za tembe zilizobomoka haziwezi kulisema.

Basi Tabora ina haki ya kuitunza hazina yake ndogo kama inavyoitunza miembe ya zamani na tembe ya Kwihara. Ziko familia zenye ushanga wa bibi, vikuku vya udodi, viwangwa na heller za 1916 ndani ya masanduku, na aghalabu vitu hivyo huuzwa kwa wapita njia kwa bei ya chumvi kwa kuwa hapana aliyevitazama vizuri. Kuvipiga picha kwa karibu, kuandika jina la kila kitu kama wazee wanavyolitamka, na kuziweka picha hizo katika makumbusho na shule za mkoa, ni kazi isiyohitaji mali nyingi. Yahitaji lenzi moja ya makro, dirisha lenye nuru ya ubavuni, na kijana mwenye subira aliyekaa karibu na mzee mwenye kumbukumbu. Lenzi hiyo haitatufundisha jambo ambalo Unyanyembe haikulijua. Miaka zaidi ya 150 iliyopita wanawake wa soko la Kazeh walikwisha kulijua, wakaitumia elimu yao kila siku wakinunua na kuuza, na hukumu yao ikafika mpaka Unguja na Venezia. Lililobaki kwetu ni kukiri ya kuwa hukumu ile ilikuwa elimu, na kuiandika kwa majina yake katika historia ya nchi hii.